Barafu tunayo, saa hatuna: barua ya wazi kwa wanaotununulia matangi ya maziwa na wanaopanga bei ya stima

Waheshimiwa,

Mimi ni fundi wa friji, Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Ng'ombe sina, hata mbuzi. Kazi yangu ni kompresa, gesi na mapaipu, na kwa miaka kadhaa sasa chama kimoja cha wafugaji cha huku kwetu huniita kila tangi lao la maziwa linapogoma. Chama hakikunituma niandike. Nilimsomea mwenyekiti barua hii akasema, "Usiipunguze makali," basi nimeiacha ilivyo.

Nawaandikia makundi mawili kwa barua moja: nyinyi mnaoandika zabuni za matangi ya kupozea maziwa, muwe wa kaunti, wa serikali kuu au wa miradi ya wafadhili, na nyinyi wa EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, mnaoidhinisha bei ya stima. Najua hamketi meza moja. Ndiyo maana tangi letu lagandisha saa isiyofaa.

Asubuhi moja ya Februari, kaskazi imekolea, simu yangu ililia kabla ya adhana ya alfajiri. Alikuwa mzee anayelinda banda la kukusanyia maziwa. "Mwanangu, njoo. Barafu imejaa mpaka juu na maziwa yana joto. Hii barafu gani?" Nilidhani mzee ana usingizi. Nikapanda bodaboda, nikafika, nikafunua kifuniko, na mzee alikuwa na haki yake. Mlikuwa na bonge moja jeupe kutoka ukuta hadi ukuta. Mapaipu hayaonekani. Niligonga kwa mpini wa ufagio ikaita ko, ko, ko, kama mlango wa nyumba. Upande wa pili kipimajoto cha maziwa ya jioni kilisoma nyuzi 13. Yalikuwa lita mia sita na kitu. Nilichanganya maziwa na spiriti nusu kwa nusu kwenye kikombe kidogo, kama kawaida ya kupima, na hapo hapo yakafanya chembechembe, ishara kwamba yameharibika. Gari la mnunuzi lilipofika, kijana aliyeshuka na laktomita yake, kile kifaa cha kupimia uzito wa maziwa, hata hakuitoa mfukoni. Alinusa, akarudi kwenye gari.

Mama mmoja mwenye ng'ombe wawili alisimama pale na mkebe wake wa asubuhi mkononi, akatazama maziwa ya jana yakimwagwa mtaroni, kisha akaniuliza kama haya ya leo ayaweke au arudi nayo. Sikuwa na jibu.

Kwa asiyejua, tangi letu ni la aina ya benki ya barafu. Chini yake kuna hodhi la maji, na ndani ya maji mmepita mapaipu ya shaba yenye gesi. Kompresa ikifanya kazi barafu hushika juu ya paipu, tabaka juu ya tabaka, kama masizi yanavyoshika sufuria. Maziwa yakimiminwa, pampu husukuma yale maji baridi yapite ubavuni mwa tangi, yarudi na joto, yaguse barafu, yapoe, yaende tena. Barafu ndiyo akiba. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka humeza joto la kilojuli 334. Kilo moja ya maji yakipanda kutoka sifuri hadi nyuzi 4 humeza kama 17 tu. Ni mara ishirini. Lita 800 za maziwa yaliyofika na nyuzi 34, ukitaka yashuke hadi nyuzi 4, hula takribani kilo 290 za barafu. Hesabu hiyo nimeiandika kwa chaki ukutani mwa banda, na mzee sasa aijua kwa moyo kuliko mimi.

Lakini maji lazima yapate njia ya kupita kati ya paipu na paipu. Barafu ya paipu moja ikishikana na ya jirani yake, njia imeziba, na maji yabaki kuipapasa barafu mgongoni tu. Akiba iko ndani, umelala nayo njaa. Tena kuna hasara nyingine isiyoonekana. Barafu yenyewe ni blanketi: shaba hupitisha joto karibu mara 180 kuliko barafu. Kadiri tabaka linavyonenepa ndivyo gesi inavyolazimika kushuka baridi zaidi ili kugandisha sentimita inayofuata, na kila nyuzi moja inayoshuka yaongeza matumizi ya stima kwa asilimia 2 hadi 3. Mtu asiyejua huona barafu nene akafurahi. Mimi nikiona barafu nene naona bili.

Kilichotuponza siku ile ni kihisi cha unene. Kihisi chenyewe ni ncha mbili za chuma zilizowekwa umbali fulani kutoka kwenye paipu. Umeme mdogo hupita kwenye maji, haupiti kirahisi kwenye barafu. Barafu ikifika kwenye ncha, umeme wakatika na kompresa yazima. Akili nzuri, kwa maji matamu. Sisi hodhi tulilijaza maji ya kisima, na visima vya Kisauni mwavijua, chai yake haihitaji chumvi mtu akikukasirikia. Chumvi ikagandia kati ya ncha mbili, umeme ukawa unapita barafu ikiwepo isiwepo, kompresa ikaamini bado ni maji. Ikagandisha usiku kucha. Mkandarasi aliyeliweka tangi hakutuachia neno juu ya maji ya kutia. Kitabu alichoacha kilizungumzia tangi jingine.

Nimesema "kilichotuponza siku ile" kwa sababu hata kihisi kikiwa kizima tangi hili lina ugonjwa wa kila siku, na ugonjwa huo ndio ulionifanya nishike kalamu.

Kihisi kikiwa kizima kinajua jambo moja tu: barafu imepungua, washa. Maziwa ya asubuhi huingia kati ya saa kumi na mbili na saa tatu. Barafu yayeyuka, na kufika saa tatu kompresa inanguruma kurudisha ilichopoteza, mpaka saa saba mchana, jua la utosi, banda la mabati, kondensa, ile sehemu inayotupa joto nje, inavuta hewa ya nyuzi 33 na zaidi. Maziwa ya jioni huingia saa kumi hadi saa kumi na mbili, na kompresa huwaka tena magharibi. Saa hiyo Kenya nzima imewasha taa, pasi na jiko. Mwaka 2025 mahitaji ya kilele ya nchi yalipita megawati 2,300, na kilele hicho ni cha jioni. Ndizo saa ambazo mitambo ya mafuta mazito, ya Kipevu na Rabai hapa hapa kwetu, huitwa kusaidia, na mafuta yake tunayalipa sote kwenye bili. Kisha saa nane za usiku, Mombasa imepoa hadi nyuzi 25, nchi imelala, kule Olkaria mvuke mwingine waachiwa uende angani kwa kukosa mtumiaji, na kompresa yetu imezima kwa sababu barafu ilishajaa saa nne.

Yaani tumenunuliwa akiba, halafu akiba ikafungwa isitumike kama akiba. Ni mtu mwenye ghala la nafaka anayenunua unga wa kilo moja dukani kila mchana.

Usiku tu, hata bila bei kubadilika, ungetusaidia. Tofauti ya nyuzi nane kwenye hewa inayopita kondensa, kwa kanuni ile ile ya asilimia 2 hadi 3 kwa kila nyuzi, ni kama sehemu moja kati ya tano ya stima ya kugandishia. Na bei je? Viwanda vikubwa vilipewa nafuu ya usiku tangu Desemba 2017: nusu ya bei ya nishati kwa yuniti zinazozidi kiwango chao, siku za kazi kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Bei mpya za 2023 zilipotoka, magari na pikipiki za umeme wakapewa kundi lao, shilingi 16 kwa yuniti saa za kilele na shilingi 8 nje ya kilele, hadi yuniti 15,000 kwa mwezi. Nilishangilia, wallahi. Wanangu wawili ni wa bodaboda. Lakini bili ya banda la maziwa haijui usiku wala mchana. Yuniti ya saa nane za usiku ni bei ile ile ya yuniti ya saa mbili usiku. Kama betri ya pikipiki yastahili bei ya usiku kwa sababu inahifadhi umeme, hodhi letu lahifadhi nini? Nalo ni betri, ila haliozi, halichakai kwa kuchajiwa, na likivuja ni maji.

Nilijaribu kuitibu kwa mkono wangu. Nilinunua taima pale Barabara ya Digo, kwa elfu chache, nikaifunga kwenye waya wa kompresa: isiwake mpaka saa nne usiku, izime saa kumi na moja alfajiri. Wiki tatu za mwanzo nilijiona mhandisi. Mita ilipungua mwendo, kelele za mchana zikaisha, jirani mwenye kibanda cha mahamri akanishukuru kwa kuweza kusikia redio.

Ikaja Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023. Mwakumbuka. Stima ilipotea nchi nzima muda mfupi kabla ya saa nne usiku. Maziwa ya jioni yalikuwa yamekwisha kula barafu yote, na taima yangu ilikuwa bado haijafungulia kompresa. Akiba sifuri. Kama ningeliacha tangi na tabia yake mbovu ya kujaza muda wote, barafu ingekuwepo, pampu ndogo ingezungushwa na jenereta ya kuazima, na maziwa yangesalimika. Asubuhi ya Jumamosi stima ilikuwa bado, na maziwa yakaenda njia ya mtaroni mara ya pili, safari hii kwa kosa langu. Nililipa sehemu yake. Sikulipa yote, sina uwezo huo, na chama hakikunidai, lakini mzee wa banda aliniambia neno ambalo bado laniuma: "Chombo cha kuzama hakina usukani, fundi. Wewe ulitupa usukani ukasahau kumpa mtu aushike."

Tangu hapo taima peke yake siiamini. Usukani wa barafu wataka kujua mambo matatu kwa pamoja: saa ngapi, barafu iliyobaki ni kiasi gani, na maziwa yanayokuja ni mangapi. Saa ni rahisi. Barafu iliyobaki nimeipatia njia ya kimaskini ambayo naiona bora kuliko kihisi cha chumvi. Maji yakiganda huvimba kwa asilimia kama 9, basi kila kilo 100 za barafu zinazoshika kwenye mapaipu huongeza ujazo hodhini kwa lita 9. Nilitoboa tundu chini ya hodhi, nikafunga mpira mwembamba wa kupimia usawa, ule wa waashi, nikausimamisha ubavuni. Hodhi letu lina eneo la mita ya mraba moja na nusu, hivyo kila kilo 100 hupandisha maji milimita sita kwenye mpira. Nimekwaruza alama kwa msumari juu ya rangi. Alama ya tatu, kilo 300. Mzee hasomi kipimajoto vizuri usiku, lakini alama ya msumari aipapasa kwa kidole. Angalizo: barafu ikivunjika vipande ikaelea, kipimo chadanganya, kwa sababu barafu inayoelea haipandishi maji kuliko ilivyokuwa kabla ya kuganda. Na maji yakimwagika lazima urudishe alama ya mwanzo.

Jambo la tatu, maziwa yanayokuja, mashine haitalijua ng'o isipoambiwa. Mashine haijui Ramadhani. Mwezi ule futari za mji mzima zataka maziwa jioni, tambi, uji, chai, na foleni kwenye ATM za maziwa hufika barabarani. Wafugaji hubadilisha hata saa za kukama. Haijui kwamba masika majani yakishamea maziwa huongezeka karibu mara mbili bandani kwetu, wala kwamba Februari, joto likiwa kali, maziwa huwa machache. Mzee anajua. Basi sasa kila jioni yeye huandika ubaoni makisio ya kesho, twageuza kuwa kilo za barafu, twaongeza theluthi moja isiyoguswa kwa ajili ya stima kupotea, na kompresa huwashwa usiku ikiwa imechelewa kadiri inavyowezekana, ili imalize alfajiri mkebe wa kwanza ukikaribia. Ikichelewa kuanza, barafu haikai bure ikivujisha ubaridi. Kila siku chache twaiacha iyeyuke yote, mapaipu yaonekane, ili isije ikashikana tena. Theluthi ile ikiguswa, kompresa huwaka saa yoyote, iwe kilele au si kilele. Maziwa kwanza, bili baadaye.

Kazi hii yote aifanya mzee wa miaka sitini na kitu kwa chaki, msumari na swichi. Kidhibiti kidogo cha umeme chaweza kuifanya bila kulala. Vipo, na bei yake mbele ya bei ya tangi ni kama bei ya usukani mbele ya jahazi.

Ndipo nawageukia nyinyi wa zabuni. Andikeni kwenye karatasi zenu kwamba tangi la benki ya barafu lisipokelewe bila kidhibiti chenye saa, kipimo cha barafu iliyobaki, na akiba ya dharura inayoweza kupangwa na mtu wa banda kwa Kiswahili. Andikeni maji yatakayotiwa ni yapi. Andikeni daraja la joto: kiwango cha kimataifa cha ISO 5708 kimepanga matangi kwa hewa ya nyuzi 38 kwa daraja A, 32 kwa B, na 25 kwa C. La kwetu limebandikwa B. Mtu aliyekaa Nyandarua amevaa koti ataona B ni nyingi. Ndani ya banda la mabati Kisauni mwezi wa pili, B imeshindwa kabla ya saa nne asubuhi. Pwani ni A, na kondensa iwe imepakwa kinga ya chumvi ya bahari, la sivyo mapezi yake, vile vibati vyembamba vya kutolea joto, yatakuwa unga kabla ya miaka mitatu. Nimeyafagia kwa brashi yakabaki mkononi.

Na kabla ya kulipa, jazeni tangi. Sisemi maji ya mfereji kwa picha ya uzinduzi. Jazeni maji ya nyuzi 35 mchana wa Februari, mshike saa, mwone kama yashuka hadi nyuzi 4 ndani ya muda ulioandikwa kwenye kibandiko. Siku tuliyokabidhiwa letu palikuwa na hema, viti vya plastiki na soda. Hakuna aliyeliwasha.

Nyinyi wa EPRA, ombi langu ni fupi. Kundi mlilolifungulia magari ya umeme lifungulieni na mabanda ya kupozea maziwa yenye hifadhi ya barafu, kwa mita ileile inayotofautisha saa. Hatuombi ruzuku. Twaomba tununue usiku kitu ambacho usiku kinamwagwa, na jioni tuwaachie wenzetu wapike. Mkitaka sharti, wekeni: banda linalowasha kompresa saa za kilele bila dharura lilipe bei ya kilele kamili. Tutakubali, ndiyo kazi ya usukani.

Najua yupo atakayesema suluhisho ni paneli za jua juu ya bati. Zije, jua tunalo la kugawa, na barafu iliyogandishwa adhuhuri kwa jua yafaa sana kwa maziwa ya jioni. Lakini paneli bila kidhibiti zitarudia yale yale: barafu kushikana Jumapili wakati hakuna maziwa, na hodhi tupu siku tatu za mawingu ya masika.

Mkija kututembelea, msije saa nne na wapiga picha. Njooni saa kumi na moja alfajiri. Saa hiyo maji kwenye mpira yamegusa alama ya nne, kompresa imezima, banda limenyamaza, na mkebe wa kwanza bado uko kwenye pikipiki unatoka Mwakirunge. Mzee atawaonyesha kwa kidole.

Wenu,
Fundi wa friji, Kisauni, Mombasa